Toba na Wokovu kwa Mkalimani wa Pap Onditi

Kwenye mkutano wa injili Pap Onditi, huko Nyakach, Kisumu, mhubiri hasimami jukwaani peke yake. Kando yake yupo mkalimani mwenye kipaza sauti cha pili, akimfuata kama kivuli: Kiswahili kikitoka huku, Kijaluo kinapokea kule. Mhubiri akipaaza "Tubu!", mkalimani hudaka "Lokri!" Waliokaa chini ya miti hawaoni cha ajabu, ila kwa mpenda lugha hapo pana habari. Neno la kwanza ni la Kiarabu lililopitia pwani. La pili ni la nyumbani, na maana yake ya kila siku ni geuka. Kitenzi chake, loko, ni kugeuza, kubadili, na pia kufasiri. Kwa hiyo anayewaambia watu wageuke yumo kwenye kazi ya kugeuza maneno.

Wamisionari wa karne ya 19, Krapf kule Mombasa na Steere kule Unguja, hawakulibuni neno toba. Walilikuta kwa Waislamu, likiwa limeshazama katika Kiswahili hata mtu akishtuka husema "Toba!" bila kuwazia dhambi yoyote. Asili yake ya Kiarabu ina maana ya kurudi, na Waebrania nao huijenga toba yao juu ya kitenzi cha kurudi. Walioandika Agano Jipya kwa Kigiriki walisema metanoia, yaani kubadilika kwa nia. Kilatini kikaja na paenitentia, neno linalonukia adhabu kidogo, na Martin Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517 alianza na hilo hilo: toba aliyoihubiri Yesu ni ya maisha yote, wala haiishii kwenye ibada ya padri.

Wakatoliki wa Kiswahili wana neno lao, kitubio, na limeundwa kwa ustadi. Ki- yake inakumbusha kizibo na kifuniko: kitu cha kutendea kazi. Kitubio kina majuto, maungamo na malipizi, na hapo majuto ni sehemu tu.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kujuta ndiko kutubu. Injili ya Mathayo inapofika kwa Yuda aliyemsaliti bwana wake, Kigiriki kinaacha kitenzi cha metanoia na kuchukua kingine, na Biblia ya Kiswahili ya Union imefuata vizuri: Yuda anajuta. Hata fedha alizirudisha. Lakini yeye mwenyewe hakurudi.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana vizuri zaidi sokoni kuliko kanisani. Nafaka na omena kavu hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la bati la takriban kilo mbili. Kila mnunuzi mzoefu hulipindua kwanza atazame kitako, maana kuna yaliyogongwa yakaingia ndani, na kopo la namna hiyo hujaa kabla halijajaa. Muuzaji mwenye kopo kama hilo anaweza kuguswa na mahubiri ya Jumapili hadi machozi yamtoke. Hayo ni majuto, na si ya kubezwa. Jumatatu akija na kopo lile lile, toba bado. Akija na jipya, mambo yameanza. Akimtafuta mama aliyempunja na kumjazia kilichopungua, hapo hata asiyekwenda kanisani ataelewa neno lile bila mkalimani.

Hiyo ndiyo habari ya Zakayo wa Yeriko katika Injili ya Luka, mtoza ushuru aliyepanda mkuyu. Wakenya wanalijua jina hilo sana tangu 2023, walipombandika Rais William Ruto kwa sababu ya kodi, na vijana wakawa wanapiga kelele wakimtaka Zakayo ashuke. Katika utani huo habari huishia kwenye mti. Kwa Luka, Zakayo akishashuka ndipo anatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, na ni baada ya maneno hayo Yesu anatamka kwamba wokovu umefika nyumbani mle.

Wokovu ni mtoto wa okoa, kama upotevu ulivyo mtoto wa potea. Nyakach ya chini haihitaji kufundishwa maana yake, kwani mto Nyando na jirani zake wakifurika, watu hubebwa mitumbwini na kupelekwa palipoinuka. Kijaluo nacho kina warruok, kutoka war, kukomboa. Mwokozi ni Jawar.

Ugumu uko kwenye sarufi. Kiswahili cha makanisani kinapenda kusema "nimeokoka", na okoka iko kundi moja na vunjika: kikombe kimevunjika, aliyekivunja hatajwi. Aliyetolewa majini na mtumbwi wa jirani husema "niliokolewa", na Waefeso ya Kiswahili nayo imechagua okolewa, umbo linaloacha nafasi ya mwokoaji. Tena Paulo hutumia nyakati zote: tumeokolewa, tunaokolewa, tutaokolewa. "Nimeokoka" ina wakati mmoja tu, na msemaji akiizoea anaweza kuisema kama anayetangaza cheo.

Ubishi kuhusu nani ameokoka una historia kandokando ya Ziwa Viktoria. Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki ulichipuka Gahini, Rwanda, na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1930. Waganda wakawaita watu wake balokole, waliookoka, na Kiswahili kikapata walokole. Kufikia mwaka 1937 ulikuwa umefika Kabete, karibu na Nairobi, na muda si mrefu ukaingia Nyanza. Ulidai dhambi zitajwe hadharani, madeni yalipwe, vilivyoibwa virudishwe. Uliwagawa pia Waanglikana Wajaluo. Waliosisitiza damu ya Yesu waliitwa Joremo, watu wa damu. Waliochoka kuulizwa kama wameokoka kweli walijiita Johera, watu wa upendo, na mwaka 1957 wakatoka na kasisi Mathew Ajuoga kuanzisha Church of Christ in Africa, yenye makao Dala Hera, Kisumu.

Katika vikundi vya ushirika vya uamsho huo, ushuhuda una mtindo wake mpaka leo. Mzee husimama, husema "Bwana asifiwe", hutaja mwaka aliookoka, na mgeni hudhani amemaliza. Hajamaliza. Anaanza habari za wiki hii: hasira aliyomtolea mkewe, uongo aliomwambia jirani, na jembe la watu alilokaa nalo tangu msimu wa kupanda, ambalo amekuja nalo na kuliegemeza mlangoni.