Picha ya Kifua na Hitilafu ya Weusi na Weupe

Tarehe 8 Novemba 2025 ilitimia miaka 130 tangu Wilhelm Conrad Röntgen agundue miale ya eksirei huko Würzburg, Ujerumani, nami nimeona ni wajibu kuwakumbusha wasomaji wa Migori na Homa Bay jambo ambalo wengi wapigwao picha ya kifua hawalijui: taswira aionayo tabibu katika kioo cha kompyuta siyo ile iliyonaswa na mashine, bali imekwisha tengenezwa kwa kufuata mapendeleo ya mtu.

Zama za filamu hakukuwa na hiari hiyo. Filamu ikishaoshwa katika chumba cha giza hukumu yake imepita, na ikiwa imeungua kwa weusi, dawa ni kumrudisha mgonjwa.

Mwaka 1983 kampuni ya Fuji ya Japani ilileta mtambo ulionasa taswira katika bamba la fosfori, kisha ukaisoma kwa mwale wa leza. Na kwa kuwa matabibu walikuwa wamezoea filamu, picha mbili zilizopunguzwa ukubwa zilichapwa ubavu kwa ubavu, moja ikishabihiana na ile ya kale na ya pili kingo zake zimekozwa. Hapo ndipo mzozo ulipozuka. Waliopenda ya pili walisifu jinsi mishipa na mistari midogo ilivyodhihirika. Wapinzani wao wakajibu, nami nadhani kwa haki, kwamba kukoza kukizidi, mishipa ya damu ya mtu mwenye afya hugeuka kuwa mithili ya nyuzi za maradhi, na mzima akaambiwa ni mgonjwa.

Picha ghafi aghalabu hubeba vivuli 4,096, ilhali kioo cha kawaida huonyesha 256 tu, hivyo kuchagua hakuepukiki: ukisogeza kipimo cha weusi na weupe huku, mapafu hudhihirika na moyo hubaki donge jeupe, ukikisogeza kule, huonekana uti wa mgongo nyuma ya moyo, mahali ambapo uvimbe huweza kujificha.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwetu. Homa Bay, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi bila malipo katika hospitali ya serikali mwaka 2001, inajua vyema kwamba kifua kikuu cha mwenye virusi aghalabu hakichimbi mashimo ya juu ya pafu, bali huja kama ukungu hafifu, ukungu ambao kipimo kibaya huufuta kabisa.

Mwaka 2015 ukaja mpango wa serikali ya Kenya wa kukodi mitambo, ikiwemo ya eksirei, kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Magavana walilalamika, Seneti ikaunda kamati, na yote yakawa maneno ya fedha. Katika kelele hizo sikusikia hata mmoja akiuliza nani atafunzwa kuchagua weusi na weupe.

Nawasihi wakuu wa hospitali zetu waafikiane juu ya vipimo hivyo pamoja na wapiga picha na matabibu wao, na picha ghafi ya kila mgonjwa ihifadhiwe, isifutwe.