Utani wa makabila

Utani wa makabila ni uhusiano wa kutaniana na kusaidiana kati ya baadhi ya makabila ya Tanzania, ambao ulimpa mgeni watu wake mahali asipokuwa na ndugu. Mwingine ulizaliwa na vita: Wangoni na Wahehe walipigana kati ya 1878 na 1882, kisha wakawa watani. Mwingine ulikua kwenye njia za misafara ya karne ya 19, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walipita katika nchi ya Wazaramo kabla ya kufika pwani.

Mtani huruhusiwa kudhihaki, hata kuchukua kitu kidogo bila kuomba, na anayetaniwa hapaswi kukasirika. Uzito wa utani huonekana msibani. Hapo mtani husaidia kuchimba kaburi, huigiza marehemu alivyotembea na kusema, huzuia jeneza mpaka apewe chochote, na huwachekesha wafiwa katikati ya kilio. Asiyeujua utaratibu huu hudhani ni utovu wa adabu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, yaliyokusanya vibarua kutoka mbali, mtani alikuwa karibu sawa na ndugu. Mijini siku hizi dhihaka imesalia zaidi kuliko wajibu.