Chukudu

Kwenye barabara inayotoka Masisi kupitia Kibua hadi Walikale, na kote Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, neno hili halihitaji maelezo. Chukudu ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali: ubao mrefu, usukani, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Ilianza kuonekana miaka ya 1970, enzi za Rais Mobutu. Wengi husema jina ni mlio wenyewe wa magurudumu yakigonga mawe, nami nakubaliana nao. Ndiyo maana naandika *chukudu*. Ile *tshu* ya tahajia ya Kifaransa, *tshukudu*, haitusaidii kitu.

Ilinganishe na gari: nchini Marekani, Pontiac GTO ya 1964 ilikuwa hasa orodha ya nyongeza alizolipia mnunuzi wa Pontiac LeMans, na leo wapenzi wake huchunguza namba za injini ili wajue kama gari ni la asili. Chukudu haina namba. Nyongeza zake ni raba ya kuwekea goti, au mpira unaobonyezwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma uwe breki. Gurudumu likipasuka, fundi huchonga jingine, na chukudu inabaki ileile kwa mwenyewe, anayeitwa *chukudeur*. Hapo Kifaransa kimeongeza mkia tu. Kichwa ni chetu. Mjini Goma wameijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu. Watunga kamusi nao waiandike kwa heshima hiyohiyo, pamoja na viazi na makaa inayobeba.