Jiko la hotelini linapohamia nyumbani

Mwezi uliopita shangazi alinitumia picha kwenye WhatsApp. Jiko la chuma cha pua, pleti sita, oveni ambayo mbuzi mzima angelala bila kukunja shingo. Chini yake ameandika: "Mwanangu, si unasomea mambo ya joto wewe? Ninunue?"

Shangazi anapika chakula cha shughuli: harusi, maulidi, vikao vya ofisi. Jiko lake la sasa la pleti nne limechoka, na pesa aliyoweka ni ya miaka miwili. Nikaona nisimjibu haraka. Nilianza kusoma jinsi majiko ya aina hiyo yalivyotoka kwenye mahoteli na kuingia nyumbani kwa watu, na nilichokikuta kilinishangaza kidogo. Moto mkubwa watu walikuwa nao tangu zamani. Kilichowasumbua ni ukuta ulio nyuma ya moto, na hewa iliyo juu yake.

Supu ya Munich

Tuanze na Benjamin Thompson, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1753 na ambaye baadaye aliitwa Count Rumford. Wanafunzi wa fizikia mnamjua: ndiye aliyetazama mizinga ikitobolewa na mwaka 1798 akaandika kwamba joto ni mwendo, kinyume na imani ya wakati ule kuwa joto ni aina ya majimaji yasiyoonekana.

Lakini huyo huyo alikuwa mtu wa jikoni. Miaka ya 1790, akiwa mtumishi wa serikali ya Bavaria, alisimamia nyumba ya kazi kwa maskini wa Munich, na watu hao walitakiwa kula kila siku. Aliposhika hesabu ya kuni, akaona moto wa wazi unapasha ukuta, dari na mpishi kuliko unavyopasha sufuria. Akajenga jiko la matofali: kila sufuria imezama kwenye shimo lake, chini yake moto wake mdogo uliofungiwa, na kijimlango cha kupunguza au kuongeza hewa.

Jiko lile lilipunguza sana matumizi ya kuni, ila lilikuwa kubwa na limejengewa pale pale. Lilifaa jumba la kulisha mamia, siyo nyumba ya mtu na mkewe. Kwa hiyo mapema kabisa tunaona njia mbili zinaachana: jiko la wengi na jiko la nyumbani. Mwaka 1834 Philo Stewart wa Oberlin, Ohio, alipata hataza ya jiko dogo la chuma, na majiko ya namna hiyo ndiyo yaliyoingia kwenye nyumba za kawaida za Marekani.

Gesi nayo ilifuata njia zile zile. James Sharp wa Northampton, Uingereza, alipata hataza ya jiko la gesi mwaka 1826. Ila aliyelifanya lizungumzwe ni mpishi Mfaransa, Alexis Soyer, aliyeweka majiko ya gesi kwenye jiko maarufu la Reform Club, London, jengo lililofunguliwa mwaka 1841. Nyumbani gesi ilichelewa kwa miongo mingi. Watu waliogopa mlipuko, na waliogopa harufu kwenye chakula.

Garland ya Julia Child

Sasa turuke hadi mwaka 1956. Julia Child, Mmarekani aliyejifunzia upishi Paris, ananunua jiko la mgahawa la Garland, la mtumba, kwa dola 429, na kuliweka nyumbani kwake Washington. Baadaye alihama nalo hadi Cambridge, Massachusetts. Mwaka 2001 alitoa jiko lake lote, yaani chumba kizima na sufuria zake, kwa makumbusho ya Smithsonian, na Garland ile ipo humo mpaka leo.

Wapenzi wengi wa kupika walitamani kufanya kama yeye. Tatizo likaja kwa wajenzi na wakaguzi wa majengo. Jiko la hotelini limetengenezwa likae kwenye chumba cha hotelini: sakafu ya vigae, kuta zisizoshika moto, feni kubwa ya kuvuta moshi juu yake, na mtu aliyesimama mbele yake muda wote. Kuta zake zenyewe ni chuma kitupu, hazina kitu cha kuzuia joto lisitoke. Ubavu wake unachoma. Moto mdogo wa kuwashia hubaki unawaka usiku na mchana. Libane kati ya makabati ya mbao, na mbao zinakauka polepole, mwezi baada ya mwezi, hadi siku zishike moto.

Mjenzi wa Greenwood

Aliyelifungua fundo hili hakuwa mpishi. Fred Carl alikuwa mjenzi wa nyumba katika mji mdogo wa Greenwood, Mississippi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkewe alitaka jiko kama la mama yake: Chambers ya zamani.

Hapa ndipo hadithi inaponoga kwa mtu wa fizikia. Chambers lilikuwa jiko la nyumbani lililotengenezwa Indiana, na sifa yake kubwa haikuwa ukali wa moto. Kuta za oveni yake zilijazwa kihami joto kizito kiasi kwamba ungeweza kuzima gesi na nyama ikaendelea kuiva ndani. Kampuni ilitangaza hivyo hasa: pika gesi ikiwa imezimwa. Ni wazo lile lile la bibi zetu kufunika chungu cha maharage kwa makuti na magunia.

Carl akachora jiko lenye nguvu ya hotelini, ila kuta zake zina kihami joto ili liweze kukaa ubavu kwa ubavu na kabati. Watengenezaji kadhaa walimkatalia, mpaka kampuni moja ya majiko ya hotelini huko California ikakubali kumtengenezea. Mwaka 1987 majiko ya kwanza ya Viking yakafika kwa wateja. Baadaye uzalishaji ulihamia Greenwood kwao. Soko zima la majiko ya nyumbani yenye sura ya hotelini lilikua kutokea hapo.

Turudi kwa shangazi

Hesabu kidogo. Nguvu ya pleti huandikwa kwa BTU kwa saa; BTU moja ni juli 1,055 hivi. Pleti ya kawaida ya BTU 9,000 ni kilowati 2.6. Ya BTU 15,000 ni kilowati 4.4. Tuchukulie asilimia 40 tu ya joto ndiyo inaingia kwenye sufuria. Lita moja ya maji itachemka kwa dakika tano hivi kwenye pleti ya kawaida, na kwa dakika tatu kwenye ile kubwa. Kwa chai ya mtu mmoja, tofauti hiyo haina maana. Kwa sufuria ya lita 30, ina maana sana.

Lakini washa pleti zote sita kwa moto wote. Hizo ni kilowati 26, yaani kilo mbili za gesi kila saa. Mtungi wa kilo 15 unaisha ndani ya saa saba hivi. Na kabla haujaisha utazingua, kwa sababu gesi ya mtungini ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inanyonya joto kwenye mtungi wenyewe. Ukiivuta kwa kasi mtungi unapoa, unatoa jasho, mgandamizo unashuka na moto unafifia. Ndiyo maana mahoteli huunganisha mitungi kadhaa.

Halafu hewa. Moto huo wote unatoa naitrojeni dayoksaidi inayowasha mapafu, na ukiungua vibaya, kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Jiko la shangazi lina dirisha moja.

Nikampigia. Nikamwambia asianze na idadi ya pleti. Aanze na maswali manne. Ubavu wa jiko una kihami joto, au ni bati tupu? Je, maelezo ya mtengenezaji yanasema liachwe umbali gani kutoka kwenye kabati? Moshi utatokea wapi? Na nozeli zake ni za gesi ya mtungi, au ni jiko la mtumba lililowekwa kwa gesi ya bomba la Ulaya? Hilo la mwisho bila kubadilishwa nozeli litatoa moto mrefu wa njano na masizi.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo fundi wa ukuta kwanza?"

"Ndiyo, shangazi. Na feni."

Lile la pichani lilikuwa bati tupu. Ameamua kuliweka uani, chini ya paa la mabati, mbali na mbao, kwa ajili ya sufuria za shughuli. Ndani anabaki na pleti nne mpya. Pesa iliyobaki imenunua mtungi wa pili.