Umri si Ugonjwa: Afya ya Dereva na Kasoro ya Sheria Zinazohesabu Miaka

Sheria nyingi za barabarani zinaujua umri wa dereva kuliko zinavyoijua afya yake. Nchini Uingereza leseni humalizika mtu anapofikisha miaka 70, na tangu hapo huihuisha kila baada ya miaka 3. Japani, tangu 2009, dereva wa miaka 75 na kuendelea hupimwa kumbukumbu na uelewa kabla ya kupewa leseni mpya. Mantiki yake ni nyepesi kuikubali: uzee huja na maradhi, maradhi hudhoofisha macho, shingo na fahamu, basi wazee na wachujwe. Makala haya yanadai kwamba hitimisho hilo halitokani na hoja zinazolitangulia. Hatari kubwa ni maradhi yasiyojulikana au yasiyotibiwa, na maradhi hayo hayangoji mvi. Sheria inayohesabu miaka humsumbua mzee ambaye mara nyingi ameshajipunguzia safari mwenyewe, huku ikimwacha apite dereva wa miaka 45 mwenye abiria 60 nyuma yake.

Tuanze na wazee, kwa kuwa ndiko ushahidi ulikojaa. Ni kweli kwamba kwa kila kilomita inayoendeshwa, madereva wazee hufa zaidi ya watu wa makamo. Lakini uchambuzi wa takwimu za Marekani uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na udhaifu wa mwili: mgongano ambao kijana angetoka nao na michubuko humvunja mzee mbavu na kumuua. Hicho ni kipimo cha wepesi wa kuumia, wala hakituambii nani alisababisha ajali. Kuna mtego mwingine ndani ya hesabu yenyewe. Anayeendesha kilomita chache kwa mwaka, awe kijana au mzee, huonekana na ajali nyingi kwa kila kilomita, kwa sababu safari zake ni za mitaani, penye makutano na watembea kwa miguu, si za barabara kuu. Watafiti waliotumia takwimu za Uholanzi walipolinganisha watu wanaoendesha umbali unaokaribiana, hatari iliyodhaniwa kuwa ya wazee wote ilibaki kwa kundi dogo tu la wanaoendesha kidogo mno.

Nchi jirani zilizofuata sera tofauti zimetupa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeliweza kulipanga. Finland iliwataka madereva wa miaka 70 wapimwe afya, Sweden haikutaka. Ulinganisho uliochapishwa 1996 haukuona faida yoyote ya upimaji kwa ajali za magari, bali ulikuta wazee wa Finland wanakufa zaidi wakiwa kwa miguu au juu ya baiskeli. Denmark ilianzisha kipimo cha uelewa kwa wazee mwaka 2006, na watafiti walipokitathmini miaka michache baadaye walikuta picha ileile. Mzee aliyenyang'anywa usukani hakubaki nyumbani. Alitoka kwa miguu, bila bodi ya gari la kumkinga.

Mpinzani atasema, na ana haki ya kusema, kwamba demensia na udhaifu mwingine wa uzeeni si hadithi. Mwezi Aprili 2019, dereva wa miaka 87 aliparamia watu katika mtaa wa Ikebukuro, Tokyo, akaua mama na mtoto wake, na Japani nzima ikajadili leseni za wazee. Uchambuzi wa takwimu za polisi wa nchi hiyo uliochapishwa 2023 unaonyesha pia kwamba baada ya vipimo kukazwa 2017 ajali za madereva wazee zilipungua, hasa za wanaume. Ushahidi huu haupaswi kufunikwa. Lakini uchambuzi huohuo ulikuta wazee wakiumia zaidi wakitembea na wakiendesha baiskeli, kwa hiyo sehemu ya hatari ilihamishwa tu. Mgonjwa wa demensia anahitaji daktari anayemfahamu na jaribio la kuendesha barabarani. Hata akiwa na miaka 58 anavihitaji. Tarehe ya kuzaliwa haimtambui.

Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba mengi ya maradhi haya yanatibika, na tiba hubadilisha hatari. Wazee wa Marekani waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walipata ajali kwa kiwango cha karibu nusu ya wenzao ambao hawakufanyiwa, kwa mujibu wa utafiti wa 2002. Kwa vijana, wanaume wenye tatizo la kukosa umakini na utulivu walikuwa na ajali pungufu kwa asilimia 38 katika miezi waliyotumia dawa kuliko miezi waliyoziacha. Katikati ya umri, ambako sheria hulala usingizi, kuna ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini: mtu hukoroma, pumzi hukatika, hushtuka mara kadhaa usiku bila kujua, kisha mchana husinzia kwenye usukani. Utafiti wa 2016 kuhusu madereva wa malori wa Marekani ulikuta kwamba waliogundulika kuwa nao wakakataa mashine ya kupumulia walipata ajali kubwa zinazozuilika mara 5 ya wenzao. Walioitumia mashine ipasavyo hawakutofautiana na wasio na ugonjwa. Ugonjwa ni uleule na kazi ni ileile. Kilichowatenga ni matibabu.

Hapa ndipo suala linapotuhusu. Katika nchi zetu, ambako watu wengi ni vijana, mzee anayejiendesha mwenyewe si sura ya kawaida ya hatari. Sura ya kawaida ni dereva wa kazi: wa lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, au wa basi ambalo tangu 2023 limeruhusiwa tena Tanzania kukesha barabarani. Kisukari na presha humkuta mtu huyu katika miaka yake ya 40, akiwa anakaa kutwa, anakula kando ya njia na analala vipande vipande. Kifaa cha kufuatilia mwendo kilichofungwa kwenye basi kinajua kasi yake kila dakika, lakini hakijui kama sukari ya aliyeshika usukani imeshuka. Kwenye daladala hali ni ngumu zaidi. Dereva analazimika kumpelekea tajiri, yaani mwenye gari, hesabu ya siku, na akichoka humwachia gari deiwaka, dereva wa kumshikia zamu, ambaye huenda hata jina lake kamili tajiri halijui, sembuse afya yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii inamlaumu mfichaji, lakini sera inapaswa kuuliza anaficha kwa nini. Huko Glasgow, Desemba 2014, dereva wa gari la taka ambaye hakuwa amefika miaka 60 alizirai kwenye usukani na watu 6 wakauawa. Uchunguzi ulibaini kuwa mwaka 2010 aliwahi kuzirai akiwa kwenye usukani wa basi lililosimama, naye akaficha. Wengi watasema dawa ni adhabu kali na kuwalazimisha madaktari watoe taarifa. Ontario, Canada, inatoa jibu lenye pande mbili. Madaktari walipowaonya rasmi wagonjwa wasiofaa kuendesha, ajali za wagonjwa hao zilipungua kwa asilimia 45, jambo ambalo si dogo hata kidogo. Lakini sonona iliongezeka, na baadhi hawakurudi tena kwa daktari aliyewaonya. Mgonjwa anayemkimbia daktari ndiye hasa tunayemwogopa barabarani. Njia nyingine ni kufupisha kizuizi: jimbo la Arizona, Marekani, lilipopunguza muda ambao mtu mwenye kifafa anapaswa kukaa bila degedege, kutoka miezi 12 hadi 3, ajali zinazotokana na kifafa hazikuongezeka kwa kiwango cha maana. Kizuizi cha muda mfupi humpa mtu sababu ya kusema ukweli.

Litabaki pingamizi la gharama. Kupima usingizi hospitalini ni ghali kweli, lakini kuanza hakuhitaji maabara: ubao wa herufi, kipimo cha presha, tone la damu kwa ajili ya sukari, na maswali machache kuhusu kukoroma na kusinzia. Shirika la North Star Alliance limeshathibitisha kuwa zahanati ndani ya kontena inaweza kuwahudumia madereva wa malori palepale wanapoegesha, ikianzia na VVU. Kigumu ni kinachofuata baada ya kipimo. Dereva atakayekutwa na sukari isiyodhibitiwa atapimwa mara moja tu kama matokeo yanamfukuzisha kazi. Mwaka unaofuata atamtuma mwenzake akapimwe kwa jina lake. Ndiyo maana sharti la kumhamishia safari za mchana au kazi ya gereji, bila kumkata mshahara, hadi daktari amruhusu arudi, linapaswa kuandikwa kwenye leseni ya usafirishaji ya tajiri.