Somo la 1994: Jinsi mashirika ya misaada yalivyolazimika kujikosoa

Mji wa Cyangugu, katika wilaya ya Rusizi magharibi mwa Rwanda, unatazamana na Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi. Mwezi Agosti 1994, majeshi ya Ufaransa ya operesheni Turquoise yalipokuwa yakiondoka, maelfu ya watu walivuka mpaka huo kuingia Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mwezi mmoja kabla, wimbi kubwa zaidi lilikuwa limeingia Goma. Mashirika ya misaada yalifika kwa wingi, mengine yakiwa na uzoefu, mengine yakiwa na nia njema tu. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu wanaokadiriwa kufikia 50,000 katika mwezi wa kwanza.

Tatizo la pili halikutibika kwa dawa. Wanajeshi wa serikali iliyoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe, waliotekeleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, walizitawala kambi na kunufaika na chakula cha wakimbizi. Mwezi Novemba 1994, tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilijiondoa kambini kwa sababu hiyo.

Ndipo wafadhili, Denmark ikiwa mstari wa mbele, walipoagiza tathmini ya pamoja. Ripoti yake, iliyotolewa Machi 1996, ilisifu juhudi zilizookoa maisha, lakini ikafichua uratibu dhaifu na mashirika yaliyofanya kazi bila weledi. Ilisisitiza pia kwamba misaada haiwezi kuchukua nafasi ya hatua za kisiasa.

Mwaka 1997, mashirika yasiyo ya kiserikali na vuguvugu la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu yalianzisha mpango wa Sphere ili kuweka viwango vya chini vya huduma. Kitabu chake kinataja, kwa mfano, lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Ahadi iliyokuwa ya maneno sasa ikaweza kupimwa kwa ndoo.

Hata hivyo, vipimo peke yake havikutosha. Mwaka 2002 ziliibuka tuhuma kwamba baadhi ya wafanyakazi wa misaada Afrika Magharibi waliwadai wakimbizi ngono ili wawape msaada. Ilidhihirika kwamba anayepokea msaada anahitaji pia mahali pa kulalamika bila hofu ya kunyimwa chakula. Kiwango cha Msingi cha Kibinadamu cha mwaka 2014 kikaifanya haki ya kulalamika na kusikilizwa kuwa mojawapo ya ahadi zake tisa.

Udhaifu mmoja umesalia: kufuata viwango hivyo ni hiari. Shirika linaloshindwa huulizwa zaidi na wafadhili wake kuliko na wale linaowahudumia.

Suala hilo bado li hai Rusizi. Nyarushishi, ambako mwaka 1994 kulikuwa na kambi ya maelfu ya Watutsi waliookoka, sasa ina kituo cha muda cha kupokea wakimbizi kutoka Kongo. Anayewasili hapo ana haki ya kujua atapata maji kiasi gani, na amwone nani asipoyapata.