Usimwite Jina Akiwa Bado Juu

Mwaka jana, likizo kubwa, tulifanya mashindano madogo ya jimnastiki kwenye kiwanja kimoja hapa Cyangugu. Watoto walitoka pande mbili: wa kwetu wakimbizi, na wa wenyeji wa mtaani. Vifaa ni vile mnavyovijua: matairi yaliyofukiwa nusu ardhini ya kurukia, magodoro matano ya sponji, na ubao mrefu juu ya matofali ndiyo boriti yetu. Mimi nilishika kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kusoma majina.

Msichana mmoja wa kwetu, miaka 11, alifika katikati ya ubao, mguu mmoja juu. Baba yake mkubwa, kwa furaha tu, akamwita jina kwa sauti yote. Mtoto akageuza kichwa. Akaangukia kiwiko. Vijana wa upande wa pili wakacheka na kupiga miluzi. Ilipofika zamu ya mtoto wao, upande wetu ukalipiza, watu wakamzomea mpaka naye akakosa tairi. Kwa nusu saa ikawa kama mechi ya mpira ya watu wazima, ila waliokuwa wanaanguka ni watoto wa shule ya msingi.

Jioni, nikiwa nakusanya magodoro, koko mmoja Mnyarwanda aliyekuja kutazama wajukuu wake akaniita pembeni. Kwanza aliuliza hali ya mtoto wa kiwiko. Halafu akasema, kwa Kiswahili chetu cha mpakani: "Mwanangu, hii mambo ya kusoma majina ya batoto mu kipaza sauti, uiache. Sisi tulishasikia majina ikisomwa mu kiwanja." Hakuongeza neno. Siku ile sikuelewa. Nilipokuja kuelewa ndipo nikaanza kuandika haya.

Kiwanja alichokisema ni Kamarampaka, uwanja wa mpira wa mji huu, ule wa Espoir FC. Katikati ya Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishwa wakapelekwa ndani ya uwanja huo. Waliambiwa ni kwa ajili ya usalama wao. Kisha ikaja orodha. Majina yakasomwa, walioitwa wakatolewa nje, wakauawa. Mwezi wa tano waliobaki walipelekwa Nyarushishi, Nyarushishi hiihii ambayo Wakongomani wengi tunaijua kama mahali pa kupokelewa tukivuka. Kwa hiyo, mtu wa hapa mwenye umri wa koko anaposikia kipaza sauti kinaita jina la mtoto katikati ya umati, hasikii michezo peke yake.

Sisi wa ng'ambo ya Ruzizi nasi tuna yetu. Nilimwuliza baba yangu, aliyesoma Bukavu enzi za Zaire, wao walikuwa wanashangilia vipi. Alicheka, akasema: "Sisi tulikuwa tunashangilia kwa amri." Chama cha MPR kilianzishwa mwaka 1967, na baada ya Mobutu kutembelea Uchina na Korea ya Kaskazini, miaka ya sabini, ile iliyoitwa "animasyo" ikaenea kila mahali: shuleni, kazini, viwanjani. Watu wanapanga mistari, wanacheza, wananyoosha viungo, wanapiga makofi, wanamsifu kiongozi. Baba anakumbuka mwalimu akipita kati ya mistari kuangalia mikono ya nani imelegea. Rwanda nayo ilikuwa na animasyo yake chini ya MRND, chama kilichoanzishwa mwaka 1975. Ukiwaona wazee wetu wamekaa kimya mtoto akipinduka vizuri kabisa, usiseme hawana furaha. Wengine walipiga makofi ya kutosha walipokuwa wadogo.

Na kuna kelele ya aina nyingine. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, uwanja mzima ulimwimbia Muhammad Ali neno la Kilingala, "boma ye", yaani muue, alipopigana na George Foreman. Ali akashinda, na kelele ile tunaitaja kwa fahari mpaka leo. Ila ile ni ngumi. Pale kuna adui mbele yako, na kelele inakupa nguvu ya kumpiga. Mtoto aliye juu ya ubao hana adui mbele yake. Ana ubao tu.

Basi nikajiuliza: kama si kelele ya ngumi, na si makofi ya amri, jimnastiki yenyewe ilikuja na desturi gani?

Jina lenyewe tulilipata kupitia Kifaransa, kwenye shule za wakati wa Wabelgiji. Na shirikisho la kwanza la kimataifa la jimnastiki lilianzishwa Ubelgiji hukohuko, mji wa Liège, mwaka 1881. Mkuu wake wa kwanza, Nicolaas Cuperus, alikuwa mtu wa Antwerp, na jambo la kushangaza ni kwamba hakupenda mashindano. Alitaka sherehe, vikundi vinakuja, kila kimoja kinaonyesha mazoezi yake, watu wanafurahi na vyote. Ila mashindano yalimshinda. Yale ya kwanza ya kimataifa yalifanyika mwaka 1903, tena Antwerp, mjini kwake. Tangu hapo mtazamaji ana upande wake, na akishakuwa na upande, anajua wa kumwombea aanguke.

Wakubwa wenyewe hawajamaliza tatizo hili. Olimpiki ya Athens, mwaka 2004, Mrusi Alexei Nemov alifanya vizuri kwenye chuma cha juu, watazamaji wakaona amepewa alama ndogo. Wakazomea dakika nyingi. Waamuzi wakapandisha alama kutoka 9.725 hadi 9.762, na kelele bado zikaendelea. Wakati huo Mmarekani Paul Hamm alikuwa anangoja zamu yake. Aliyewanyamazisha watu ni Nemov mwenyewe: alipanda mbele yao, akawaomba kwa mikono watulie, ili mpinzani wake aweze kucheza. Mimi sikumbuki nani alipata medali siku ile. Nakumbuka ile mikono.

Lakini kimya nacho kinaweza kuangusha. Paris, tarehe 5 Agosti 2024, fainali ya boriti ya wanawake. Boriti ile ina urefu wa mita 5, iko mita 1.25 juu ya sakafu, na upana wake ni sentimita 10 tu. Ukumbi ulinyamaza kabisa, na kila aliyejaribu kushangilia wenzake walimwambia shh. Wachezaji kadhaa walianguka, akiwemo Simone Biles na Suni Lee. Baadaye Biles na Lee walisema kimya kile kiliwasumbua, maana wao wamezoea kufanya mazoezi kwenye makelele na muziki. Kwa hiyo hakuna sheria iliyoshuka kutoka mbinguni kwamba kimya ndiyo adabu. Adabu ni mtazamaji kumwuliza mchezaji anataka nini, kabla hajapanda.

Na jibu zuri zaidi sikulipata Ulaya. Rwanda watu wanaruka tangu zamani. Mwaka 1907, mtu mmoja wa ukoo wa kitawala wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipofika nchini, msafara wake ulipiga picha za vijana wakiruka urukiramende, kamba au fito iliyo juu kuliko kichwa cha mtu. Na furaha ya hapa ina sauti yake, impundu, sisi tunasema vigelegele. Fikirini: vigelegele vya mtoto kuzaliwa vinapigwa saa ngapi? Mama akiwa kwenye uchungu hakuna anayepiga. Watu wanangoja nje, wanaomba, wamefunga midomo. Mtoto akilia, ndipo nyumba yote inapasuka kwa furaha. Mama zetu wanaijua adabu ya jimnastiki bila kufundishwa na mtu.

Nikadhani nimemaliza. Nikapeleka pendekezo kwenye kikao cha wazazi: tusiite majina tena, kila mtoto abandikwe namba mgongoni. Mama mmoja wa kwetu akasimama. "Mutoto wangu ku karatasi ya chakula ni namba. Ku hospitali ni namba. Ku orodha ya safari ni namba. Siku moja tu anasimama mbele ya batu, na wewe unataka kumuita namba ine?" Watu wakapiga makofi, na hayo hayakuwa ya amri.

Nikakaa na maneno ya wamama wawili. Mmoja anaogopa jina lisomwe, mwingine anaogopa jina lisisikike. Wote wawili wana haki, na wote wawili walikuwa wanakuja kwenye kiwanja kimoja. Jibu lilitoka kwa watoto wenyewe, tulipowauliza, jambo ambalo tungefanya tangu mwanzo.

Sasa tunafanya hivi. Mtoto hasomwi kwenye orodha. Anajua anamfuata nani, anakuja mwenyewe. Kabla ya kuanza anainua mkono: akikunja ngumi, tumpigie makofi ya mpigo; akifungua kiganja, tunyamaze. Akiwa juu, hakuna anayemwita jina, hata mzazi, hata mwalimu, maana anayesikia jina lake anageuza kichwa, na kichwa kikigeuka mwili unafuata. Miguu ikigusa chini, makofi ni ya kiwanja chote, kwa watoto wa pande zote. Aliyeanguka anapigiwa anaposimama. Alama ni kazi ya waamuzi, hazizomewi. Mwisho, mtoto anasema jina lake mwenyewe, kwa sauti yake, na sisi sote tunalirudisha mara moja. Jina linatoka kwake kwanza. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyomtosha mama wa namba.

Ndugu wa mashirika, na ninyi mko humu. Mkija na simu na kamera, zimeni mwanga, na msimwite mtoto aliye juu ya ubao awatazame. Na siku nyingine, isiyo ya michezo, mnapotaka kugawa blanketi au kuita watu wa safari, mkiwa na orodha na kipaza sauti katikati ya kiwanja, kumbukeni mko mji gani. Mnaweza kubandika orodha ukutani, au kumtuma kiongozi wa kijiji apite nyumba kwa nyumba. Kazi inaongezeka kidogo, najua.

Mashindano ya pili tuliyafanya kabla ya Noeli. Msichana wa kiwiko alipanda, akafungua kiganja. Tukanyamaza. Alimaliza ubao, akashuka, akasema jina lake kwa sauti ndogo mno. Upande wa wenyeji wakapiga kelele, "Nani?" Akalisema tena, safari hii likafika mpaka njiani, na kiwanja chote kikalirudisha. Koko alikuja, akakaa nyuma karibu na njia, mbali na kipaza sauti, ambacho siku ile nilikitumia mara moja tu, kuwaomba watu wasikanyage magodoro. Alikaa mpaka mtoto wa mwisho.

Ya tatu tutafanya likizo ijayo. Njooni na makofi yenu, ila tazameni mkono wa mtoto kwanza.